Alizeti na maua mengine ya shambani Handeni: jinsi ya kulima ua likaishia kwenye gunia

Ukitoka Mkata kuelekea Handeni mjini mwezi wa sita unakuta vipande vya alizeti vimewaka njano mpaka macho yanauma, watu wanasimamisha pikipiki wanaingia wanapiga picha wanaondoka. Mi nalima huku Handeni na kila mwaka nikiona vile nafurahi, ila kuna kitu nataka kila anayetamani kulima alizeti akielewe kabla hajanunua mbegu: hilo ua unalolipiga picha ndio mavuno yenyewe. Mbegu haipatikani siku unapura, inatengenezwa zile siku chache ua likiwa wazi na anayeifanya hiyo kazi ni nyuki. Kwaiyo mwongozo huu wote, toka udongo mpaka palizi, unaelekea kwenye hizo siku, na ukiona nimekaa sana sehemu moja ujue ndipo watu wanapopoteza hela.

KWANZA ENEO

Alizeti haichagui sana udongo lakini maji yakisimama haitaki. Ule udongo mweusi wa bondeni unaonata kwenye jembe achana nao, panda mpunga au mboga huko. Udongo wetu mwekundu unafaa, shida yake ni pale palipopita trekta miaka na miaka kwa kina kilekile, chini kunakua na tabaka gumu kama sakafu, na mzizi wa alizeti unataka kushuka zaidi ya mita moja kufuata maji. Siku mbili baada ya mvua kubwa chukua kipande cha nondo ukichome ardhini kwa mkono, kikizama taratibu mpaka karibu na kiwiko uko sawa, kikigota sentimita kumi na tano hivi basi tafuta mwenye jembe la kuchimba kwa kina au kwatua mwenyewe kwa nguvu pale kwenye mistari tu.

Kama una nafasi peleka udongo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano pale Muheza, wale ndio watu wa udongo. Unachota sehemu kumi au zaidi ndani ya shamba, unachanganya kwenye ndoo safi, unatoa kama kilo moja unaweka kwenye mfuko unaandika shamba lipi. Usichote kwenye kichuguu wala palipochomwa takataka, jibu litakudanganya.

Na usirudie alizeti juu ya alizeti. Magonjwa yanayoozesha kichwa na shina yanabaki ardhini kwenye masalia, kwaiyo pale ulipolima mwaka huu weka mahindi au mtama misimu kama mitatu ndio urudi. Maharage na karanga nazo zinashirikiana nayo magonjwa mengine, mi nazitenga.

MBEGU

Kuna Record na kuna chotara. Record ni ya zamani, wazee wetu wote wameilima, bei yake ndogo na unaweza kutunza mbegu yako mwenyewe ukachagua vichwa vizuri. Chotara inatoa mafuta mengi na inakua na kuchanua kwa pamoja, ila kila msimu unanunua upya mana ukirudia ile uliyovuna inatoka mchanganyiko, hii ndefu ile fupi. Watu wanasema chotara ndio kila kitu, mi sikubali moja kwa moja. Record inachanua bila mpangilio, wiki hii hapa wiki ijayo pale, ndege wanakusumbua muda mrefu kweli lakini mvua ikiharibu siku tano mfululizo hujapoteza shamba zima. Kama huna hela ya mbolea na dawa anza na Record, ukishajua shamba lako ndio uende kwenye chotara.

Chochote utakachochukua kiwe na lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu) kwenye mfuko, na usichukue mbegu kutoka kwenye magunia ya mashine ya kukamua hata ukipewa bure, ile ni mbegu ya kula, hujui imetoka shamba gani na imebeba ugonjwa gani. Halafu ipime. Hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa kibichi, kunja, weka ndani ya sahani mahali pa joto, nyunyizia kila siku, siku ya saba fungua uhesabu zilizoota. Zikiwa 85 au 90 safi. Zikiwa 60 ongeza mbegu kwenye shimo au rudisha dukani.

KUHESABU KURUDI NYUMA

Hapa ndio watu wengi wanakosea, wanaangalia mvua ya kwanza wanakimbilia kupanda. Mahindi sawa. Alizeti inabidi uanze na swali la ua: nataka lifunguke lini? Kwa mbegu nyingi ni kama siku 60 mpaka 70 toka kupanda. Masika yetu ni Machi mpaka Mei. Ukipanda mwanzoni mwa Machi ua linafunguka Mei mwanzoni katikati ya mvua, nyuki hawatoki, unga wa ua (chavua) unaoshwa, maji yanakaa kwenye kichwa kinaoza kwa nyuma kinakua laini kama nanasi lililopitiliza. Ukipanda wiki ya mwisho ya Machi hadi kama tarehe 10 Aprili, ua linakuja Juni mwanzoni, mvua imepungua, ardhi bado ina unyevu chini, jua lipo. Unavuna Julai pakavu. Ukichelewa mpaka Mei napo mvua inakukatikia kichwa kikiwa kidogo.

KUPANDA

Ekari kwa lugha yetu ya shamba ni hatua 70 kwa 70. Nafasi ni sentimita 75 mstari kwa mstari na 30 shimo kwa shimo, hiyo inakupa kama miche 18,000 kwenye ekari. Kata fimbo moja ya sentimita 75, na kamba ya katani ndefu uifunge fundo kila sentimita 30 (katani Tanga haikosekani). Watu wawili wanavuta kamba, wa tatu anachimba kwenye fundo, wa nne anadondosha mbegu mbili anafukia. Kina sentimita tatu mpaka tano, usizidishe, mbegu ikizama sana inachelewa na sota (funza wa ardhini wanaokata miche) wanaikuta bado dhaifu. Kilo mbili hadi tatu zinatosha ekari.

Mbolea: kama una samadi iliyooza vizuri mwaga kabla ya kukwatua mara ya mwisho. Ya dukani, mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP au Minjingu kwa ekari wakati wa kupanda, isigusane na mbegu, weka udongo kidogo katikati. Urea usiimwage kwa wingi kama ya mahindi, alizeti ikishiba naitrojeni inaenda juu majani makubwa shingo nyembamba, upepo mmoja tu imelala. Udongo wa kichanga unaweza kukosa boroni, utaona vichwa vimejikunja vibaya na vingine vinakatika shingo kabla ya kukomaa, ukiona hivyo mfate bwana shamba mapema.

Siku tano mpaka kumi zimeota. Hizo siku kumi uwe shambani alfajiri mana kwale wanafukua mstari mzima kwa raha zao, na sota wanakata mche usiku unaukuta umelala kama umekatwa na wembe. Fukua hapohapo kwenye shina kwa kidole utamkuta kajikunja, muue, pandia upya. Mapengo yajazwe ndani ya wiki mbili, ukichelewa mche mdogo unafunikwa na kivuli haufiki popote.

Mche ukiwa na majani manne punguza ubaki mmoja kila shimo. Inauma kung'oa mche mzima, najua, lakini miwili kwenye shimo moja inakupa vichwa viwili kama visosi badala ya kimoja kama sinia. Palizi ya kwanza wiki ya pili au ya tatu, ya pili kabla ya wiki ya sita, na kwenye hiyo ya pili pandisha udongo kwenye shina. Baada ya hapo majani yanafunika yenyewe.

MAUA YA PEMBENI

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho majirani zangu walinicheka, sa hivi wanafanya. Nyuki hawezi kukusubiri. Kama pembeni ya shamba hakuna chakula miezi miwili unatarajia wakija wapi siku ua la alizeti likifunguka? Kwaiyo mi napanda maua yasikatike.

Mistari kama mitano ya ufuta upande mmoja, siku ileile ya kupanda alizeti. Ufuta unaanza kuchanua siku ya 40 hivi, vikengele vyeupe vyenye waridi kwa mbali vinaning'inia kwenye shina kuanzia chini kwenda juu, kila asubuhi vipya, jioni vimedondoka chini vimetandaza. Mbegu yake ndogo sana, changanya na mchanga mkavu umwage kwenye mfereji wa kina cha sentimita mbili, mistari nusu mita, ukiota unapunguza ubaki kila sentimita kumi. Aina za kituo cha utafiti cha Naliendele kama Lindi 2002 zinapatikana na ni nyeupe, soko linazipenda. Kuvuna usisubiri ukauke wote, maganda ya chini yakianza kufunguka midomo kata, funga miganda, simamisha juu ya turubai, mana ukiacha shambani upepo unakumwagia mtaji ardhini.

Upande wa pili choya. Ua lake krimu na moyo mwekundu mzito kama damu ya mzee, linafunguka asubuhi jioni limenyauka, na watu wanadhani lile jekundu tunalokausha kwa juisi ndio ua, hapana, ni kile kikombe kinachoshika ua, kinavimba baada ya ua kudondoka. Kata kikiwa bado kinavunjika kwa sauti, toa mbegu ya ndani, anika kivulini juu ya neti. Nafasi mita moja kwa sentimita 60 mana inatanuka. Na kwenye mpaka wa shamba mbaazi, ile njano yenye michirizi myekundu, inachelewa kuchanua na ndio uzuri wake, alizeti ikiisha nyuki wana pa kwenda.

Hivyo ufuta unawaita, alizeti inawashibisha, choya na mbaazi zinawabakiza. Mizinga miwili mitatu kwa ekari inatosha, itundike mapema kabla ya masika ili nyuki waingie wenyewe, mbali na nyumba na njia ya watoto wa shule na pasipofungwa mbuzi. Weka na maji karibu, sufuria pana yenye vijiti juu wasizame.

ZILE SIKU KUMI

Amka uingie shambani saa moja na nusu asubuhi umande ukianza kukauka. Simama mbele ya kichwa kimoja uangalie vizuri. Yale majani ya njano ya pembeni hayazai kitu, ni bango tu la kumwita nyuki. Kazi iko kwenye sinia la katikati, vijiua vidogo mamia kwa mamia hata zaidi ya elfu kwa kichwa kikubwa, na kila kimoja ni mbegu moja. Vinafunguka kwa duara kutoka nje kuja ndani. Leo duara la nje limetoa unga wa njano, kesho hilohilo limetoa kidole kilichogawanyika mara mbili kimejikunja kama masharubu kinasubiri unga, na duara linalofuata ndio linatoa unga. Hivyohivyo mpaka katikati, kichwa kimoja siku tano mpaka kumi. Nyuki anatembea kwa mzunguko huohuo miguu imefura unga, anapeleka wa hiki kwenye kile.

Utaona pia vichwa vilivyofunguka vyote vinaangalia mashariki. Ikiwa changa alizeti inafuata jua, ikikomaa inatulia mashariki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walitoa utafiti mwaka 2016 kwenye jarida la Science, waligeuza vyungu viangalie magharibi wakakuta vile vya mashariki vinatembelewa na nyuki na wadudu wengine wanaochavusha mara tano zaidi asubuhi, sababu vinapata joto mapema. Kwaiyo asubuhi ndio soko, kuanzia saa mbili mpaka saa tano hivi, na asubuhi ndio muda ambao hutakiwi kugusa kitu.

Nisikilize hapa. Mwaka wangu wa pili niliona funza wa vitumba kwenye vichwa kadhaa nikapata hofu, nikajaza bomba la lita 15, nikapuliza dawa saa tatu asubuhi shamba lote likiwa njano. Jioni nikarudi nikakuta nyuki wamelala chini ya mistari, wengine bado wanatetemeka mabawa, unga bado umo miguuni. Siwezi kusahau. Wiki sita baadae navunja kichwa naona duara la nje mbegu nene nyeusi zimejaa, zilizofuata nikizibonyeza kwa ukucha zinabonyea hamna kitu ndani, mapepe matupu mpaka katikati. Ungeweza kusoma siku niliyopuliza kwenye kichwa kama unavyosoma kalenda. Ekari iliyotakiwa kunipa magunia saba nane ilinipa matatu, na mzinga wa jirani ulihama.

Kwaiyo utaratibu wangu ni huu. Funza unawakagua kabla, kichwa kikiwa bado kitumba kijani. Ukikuta kwenye mimea mingi shambani puliza wakati huo, kichwa hakijafunguka. Ukikuta wachache okota kwa mkono. Njano ikishaonekana bomba linawekwa stoo. Ikilazimika kabisa basi ni jioni jua limezama nyuki wote wamerudi, dawa iliyosajiliwa uliyomuuliza bwana shamba kama inakaa muda gani kwenye ua, na jana yake umewaambia wafuga nyuki wote wa karibu wafunge au wasogeze. Jirani yako akitaka kupuliza mihogo au nyanya muombe vilevile, nenda kwa heshima na kipande cha sega mkononi, watu wanaelewa.

Wapiga picha nao. Mi siwafukuzi, ila nimefyeka njia moja pana upande wa mashariki ambako ndiko vichwa vinaangalia, wanapata picha nzuri kuliko wakiingia katikati, na wanaacha kuvunja shingo za mimea na kuwakimbiza nyuki saa tatu asubuhi.

NDEGE NA KUVUNA

Ua likinyauka kichwa kinainama, hapo chiriku na shomoro wanajua kabla yako. Kanda za kaseti na makopo wanazoea siku tatu. Kinachosaidia kweli ni mtu, alfajiri na jioni, na kuvuna kwa wakati. Nyuma ya kichwa ikiwa kijani bado, ikiwa njano ya limao imekomaa, ikianza kahawia kata usisubiri ikauke yote juu ya shina. Kata na shingo kidogo ya kushikia.

Anika vichwa kwenye turubai uso juu siku nne tano, usiku unafunika mana umande wa Julai sio mchezo. Usianike chini kwenye udongo, mchanga ukiingia unakula mashine na mnunuzi anakukata bei. Vikikauka geuza upige mgongo wa kichwa kwa fimbo nyembamba, sio mchi, ukivunja ganda mafuta yanaanza kuharibika. Peta kwa ungo saa kumi upepo ukitoka baharini. Anika tena mbegu mpaka ukizitingisha kiganjani zinalia kavu na ukiuma inavunjika sio kubonyea, ndio ujaze gunia uweke juu ya chaga, isikae ukutani.

Gunia la alizeti ni jepesi kuliko la mahindi kwa ujazo uleule, kwaiyo ukiuza uza kwa mizani, usikubali lumbesa. Mi siku hizi siuzi mbegu kabisa, nakamua. Kwa Record na mashine zetu ndogo ni kama kilo nne mpaka tano kwa lita moja, unaacha mafuta yatulie kwenye madumu siku kadhaa masimbi yashuke ndio uchuje, na mashudu usimwachie mwenye mashine kama hamjapatana, kuku na ng'ombe wanayataka na yana bei yake.

Mashina yaliyobaki kama msimu huo uliona kuoza yang'oe uchome mbali, kama yalikua masafi katakata uyafukie, yanaoza kabla ya vuli ya Oktoba na hapo unaweka mahindi. Mbaazi usiifyeke bado, Agosti ndio iko kwenye maua, na asali kwenye mizinga rina nusu uwaachie nusu, mana kuanzia hapo mpaka mvua irudi nyuki wanaweza kukosa chakula.